Kale Kataa ka Motokari Yetu

Katika Cimpunda ya utoto wangu, mtaa wa kilimani mjini Bukavu, motokari zilikuwa chache kiasi kwamba tulizijua kwa kikohozi. Ile ya muuza maharage ilipanda kilima ikikoroma. Ile ya padri ilipiga chafya kila dereva alipobadilisha vitesi, yaani gia. Yetu ilikuja kimya, rangi ya majivu, na juu ya tablo, karibu na kioo cha mbele, ilikuwa na taa nyekundu isiyozidi punje ya harage. Iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima, hata motokari ikiwa imelala mbele ya parsele yetu, kiwanja cha nyumba, na mawe chini ya magurudumu.

Baba alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya ualimu. Mama alipiga mashine ya chapa katika ofisi ya shule hiyohiyo. Mwalimu mmoja Mzungu alipomaliza mkataba na kurudi kwao, aliwauzia motokari aliyokuja nayo kutoka Ulaya. Ili ipatikane, mama aliuza mashine yake ya kushona na vikwembe, vitenge vyake vyote vizuri, hata kile cha harusi. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu wengi walijifanya hawalijui.

Siku ya kuichukua, wanaume wawili, baba na yule Mzungu, walizama kwenye injini. Mke wa Mzungu akamwita mama akae kiti cha mbele, akampa kadude keusi kama kisanduku cha kiberiti, chenye kitufe kimoja. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nikasikia kila neno.

"Maman, ukifunga milango, bonyeza hapa," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Taa ikipepesa polepole, maana yake motokari imefungwa, iko inachunga. Ukikuta inapepesa mbiombio, ujue mutu aliigusa wakati haukuwapo. Ukibonyeza tena, taa inazima. Hapo imekujua, unaweza kutia kontake."

"Na ikikuta mutu mwengine?"

"Italia mpaka mutaa mzima usikie. Na moto hautawaka, hata akiwa na ufunguo."

"Hata akiwa na ufunguo?"

"Hata akiwa nao mukononi."

Njia nzima mama aliyarudia maneno hayo midomo ikicheza, kama mtu anayejifunza katekisimu. Baba alicheka. Alisema wezi wa Cimpunda wenyewe hawajui kuendesha, wataiba nini? Yeye hakuwahi kukishika kile kidude. Kilikuwa cha mama tangu siku ile, kikilala katika fundo la kikwembe chake pamoja na ufunguo wa kabati.

Majirani waliiita taa ile kataa, yaani taa ndogo, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni jicho, motokari yetu hulala jicho wazi kama samaki. Wengine walisema ni mashine ya kusikiliza watu na kupeleka habari kwa wakubwa. Miaka ile mtu aliweza kukamatwa kwa mzaha alioutoa kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, kwa hiyo sikushangaa kuona jirani yetu, mtu mzima, akinyamaza kila alipopita mbele ya kioo chetu, na kuanza kuzungumza tena akishafika kwenye mfereji. Mama alimwambia waziwazi kwamba ni kengele ya wezi tu. Alikubali kwa kichwa, na kesho yake akanyamaza vilevile.

Baba alimfundisha mama kuendesha kwenye barabara iliyonyooka ya kwenda Katana. Watu walisimama mashambani kumtazama mwanamke nyuma ya usukani. Wiki za kwanza alisaga vitesi hadi baba alishika kichwa. Baadaye akawa anaendesha vizuri kuliko yeye, na baba hakuona haya kulisema mbele ya wageni.

Kisha baba akaugua. Tulidhani ni malaria, ikawa si malaria. Alipokuwa hawezi tena kukaa wima, mama alimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani pangu, akaendesha mwenyewe hadi hospitali ya Katana. Baba alikufa huko, asubuhi, mvua ikinyesha juu ya migomba. Sanduku lake lilirudi Bukavu katika kamionete ya kukodi, na mama aliendesha nyuma yake, mikono yote miwili juu ya usukani, bila kulia, kwa sababu angelia asingeona barabara.

Hilo ndilo kosa la kwanza walilomwandikia. Shangazi yangu, dada ya baba, alilisema siku hiyohiyo mbele ya watu wa kilio: "Mujane anarudi na motokari kama mutu anayetoka sokoni! Bwana yake iko ndani ya sanduku, yeye iko anashika usukani!"

Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka, kichwa kimefunikwa. 

Baba mkubwa, kaka wa baba, alikuwa mtu wa Mumosho, kijijini kwao, mrefu, mwenye sauti iliyozoea mashamba mapana. Alitupenda tulipokuwa wadogo, lazima niseme ukweli. Alituletea ndizi na miwa. Lakini kilio kilipokaribia kwisha, alisimama katikati ya nyumba yetu na kutangaza kwamba vitu vya ndugu yake vinarudi kwa ndugu zake, kama desturi inavyotaka. Akaitisha koti la baba, redio, viatu. Mwishoni akanyoosha mkono.

"Ufunguo wa motokari, muke wa ndugu yetu."

Mama aliamka, akaenda chumbani, akarudi na ufunguo, akauweka katika kiganja chake.  Watu walishusha pumzi, wakasema mjane ana adabu.  Nilimfuata jikoni.

"Mama, unamupatia tu vile?"

Alikuwa anachochea makaa. "Ufunguo ni chuma," alisema. "Miye nimemupatia chuma."

Hawakujua kuendesha, wala baba mkubwa wala wadogo zake wawili, na ilibidi watafute shofere. Motokari ilibaki palepale mbele ya parsele. Kila siku mama alipita kando yake kwenda kazini kwa miguu, akachungulia kioo, akaendelea na njia.

Jumapili moja tulikuwa tunarudi kutoka misani. Mama alisimama ghafla kwenye kona, akanishika mkono. Kataa kalikuwa kanapepesa mbiombio, kama moyo wa kuku aliyeshikwa.

"Wamekuja," alisema.

Jirani yetu wa mfereji alithibitisha. Baba mkubwa alikuwa amefika na mtu mwingine, wakafungua mlango, motokari ikapiga kelele ya kutisha, nao wakakimbia hadi chini ya kilima, hata kuufunga mlango waliusahau. Ni yeye jirani aliyeusukuma, kwa kijiti, asije akaugusa kwa mkono. Aliposimulia, mama alianza kucheka, akaziba mdomo kwa sababu alikuwa bado ndani ya nguo nyeusi, kisha akacheka tu. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Katana.

Nilimwuliza kwa nini asiwaambie ukweli, wakakaa wakazungumza kama watu wa nyumba moja.

"Ni nani ameniuliza?" alisema. "Tangu baba yako afe, umesikia mutu mumoja akiniuliza kitu? Banasema, banachukua. Siku bataniuliza, nitajibu."

Walirudi Jumamosi iliyofuata, wakati wa salongo. Wakati ule kila Jumamosi asubuhi watu wote walitakiwa kutoka kufanya kazi ya serikali: kufagia barabara, kuzibua mifereji. Mtaa mzima ulikuwa nje na majembe. Mama alikuwa amemaliza zamu yake mapema na sasa alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo, peku, mikono kijani hadi viwiko. Mara tukasikia sauti ya baba mkubwa barabarani, kisha mlio wa mlango, halafu sirene.

Mlio ule siwezi kuueleza. Mbwa walibweka hadi ng'ambo ya bonde. Nilitoka mbio. Baba mkubwa alikuwa amesimama kando ya motokari na wadogo zake wawili na shangazi. Ndani, shofere waliyemleta alikuwa anazungusha ufunguo, na injini haitoi hata kikohozi. Kataa kalipepesa mbele ya pua yake. Alishuka na jasho kwenye shingo, akamrudishia baba mkubwa ufunguo, akafungua boneti, akachungulia, akaifunga tena.

"Muzee, batri iko muzima," alisema. "Ufunguo ni wake. Lakini inakataa. Miye sijaona motokari ya namna hii."

Hapo shangazi akalitoa neno lililokuwa limekaa kooni mwake tangu siku ya sanduku.

"Ni roho ya ndugu yetu! Muangalie, iko pale inapepesa! Huyu mwanamuke amemufunga ndani ya motokari!"

Majembe yalisimama. Watu waliokuwa karibu walirudi nyuma. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua neno lile la uchawi linaweza kumfanya nini mjane. Nyuma ya soko aliishi mama mmoja aliyeambiwa hivyohivyo. Watoto wake walichukuliwa, naye akafa akiwa anakula peke yake. 

Mama alitoka uani. Hakukimbia. Mikono yake ya kijani aliiacha ikining'inia, asije akachafua nguo nyeusi. Ilibidi apaze sauti juu ya ile sirene.

"Shemegi! Unasema ile taa ni nini?"

"Weye ndiye unajua!" baba mkubwa alijibu.

"Ndiyo, miye najua. Unataka kujua, weye? Uliza basi. Uliza mbele ya batu!"

Baba mkubwa aliwatazama watu. Watu walimtazama yeye. Nadhani hakupenda, lakini hakuwa na njia.

"Haya. Ile taa iko nini?"

"Ni taa ya wizi!" mama alisema. "Iko inasema kama motokari imefungwa. Ikienda polepole, iko inachunga. Ikienda mbio, mutu ameigusa na si mwenyewe. Leo inaenda mbio sababu yenu. Wazungu ndio bameitengeneza, haina roho, haina marehemu. Bwana yangu alizikwa, muliona sanduku, mulitupa udongo. Musimurudishe kuwa mulinzi wa garaji!"

Mtu mmoja alicheka nyuma. Shangazi akapiga kelele kwamba ni uongo, mchawi hawezi kukosa maneno.

"Uongo?" Mama alinyoosha mkono. "Nipatieni ufunguo niwaonyeshe. Kama ni roho, itakataa hata kwangu mbele yenu wote. Kama ni mashine, itanyamaza."

Baba mkubwa aliufumbata ufunguo. Lakini sirene ilikuwa inalia, kila mtu ameziba masikio, na mtaa mzima sasa ulitaka kujua. Jirani yetu wa mfereji ndiye aliyeanza: "Mupatie, muzee! Tuone!" Wengine wakadakia: "Mupatie! Mupatie!" Hata shofere wake mwenyewe alimwambia, "Muzee, tuone tu." Akautoa. Aliuweka katika kile kiganja cha kijani kama mtu anayelipa faini.

Mama aliingia nyuma ya usukani. Akanitazama. "Ingia," alisema, kwa sauti ileile ya kuniita kula. Nikaingia upande wa pili. Alifungua fundo la kikwembe, akatoa kidude, akakiinua juu watu wakione, akabonyeza.

Sirene ilikatika. Maji ya mfereji yakasikika. Kataa kalizima.

"Mumeona?" alisema kupitia dirishani. "Ni mashine. Na mashine inanijua miye."

Akatia kontake. Injini ikawaka mara ya kwanza. Mtaa ulipiga vigelegele, mtu akapiga jembe kwa jiwe, na mwanamke mmoja, sikumwona ni nani, akaimba kwa nguvu, "Kataa kamekataa! Kataa kamekataa!" Jirani yetu aliinama, akatoa mawe chini ya magurudumu bila kuambiwa. Leo motokari aliigusa kwa mikono yote miwili.

Nilidhani mama atazima injini na kushuka. Hata baba mkubwa alidhani hivyo, maana alikuwa anakuja na mkono wake mbele. Mama alitia vitesi ya kwanza, akaondoka.

Baba mkubwa alikimbia kando yetu akipiga paa kwa kiganja. "Simama! Mwizi! Simama!" Alikuwa mzee tayari na kilima kinateremka, kwenye kona ya kwanza tulimwacha. Mama alikuwa anatetemeka mwili mzima, magoti, kidevu, kila kitu isipokuwa mikono.

"Tunaenda wapi?" nilimwuliza.

"Ku bourgmestre. Mutu akitaka kusema nimeiba, nitamutangulia."

Bourgmestre, yaani mkuu wa komini yetu, alikuwa barabara ya chini akisimamia salongo, ndani ya abakosi yake ya kahawia, suti isiyo na tai, na askari wawili pembeni. Mama alisimamisha motokari mbele ya viatu vyake, akashuka peku, nguo nyeusi, majani ya sombe hadi viwiko.

"Sitwayeni bourgmestre," alisema, maana wakati ule kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani raia, "nimekuja kujisemea mwenyewe. Nimeiba motokari yangu."

Mtu yule alimtazama muda mrefu. Halafu akatazama miguu yake. Nadhani alitaka kucheka na cheo hakikumruhusu. Alisema wote tuje ofisini Jumatatu, na kwamba siku nyingine mama sitwayene avae viatu kabla ya kuendesha.

Jumatatu baba mkubwa alizungumza sana juu ya desturi. Mama alisema nusu ya motokari ile ilikuwa mashine yake ya kushona, na akawataja walioinunua mashine hiyo, wanaishi Kadutu, waitwe. Alisema sheria mpya ya familia inamtambua mjane na watoto. Alikuwa ameipiga mwenyewe kwa mashine kule ofisini na aliijua. "Na kama munataka kunipokonya," alimalizia, "mutanipokonya mbele ya mahakama, si barabarani, na si kwa jina la uchawi. Lile neno balirudishe hapa, leo."

Shangazi hakulirudisha. Bourgmestre alikata shauri namna wakubwa wa wakati ule walivyopenda kukata: motokari ikae kwa mjane mpaka mahakama iamue. Nchi ilibadilisha jina, mahakama haijaamua.

Nisidanganye kwamba tulishinda bure. Shamba la Mumosho, lenye kahawa baba aliyoipanda kwa mkono wake, walilichukua, na mama hakulipigania, alisema mtu hawezi kushika ng'ombe wawili kwa mkia. Bibi yetu mzaa baba alipokufa tuliambiwa akiwa ameshazikwa. Nilipoolewa, upande wa baba viti vilikaa vitupu. Neno la shangazi nalo lilibaki mtaani. Kuna wanawake ambao hadi leo hawakubali chakula kutoka mkono wa mama.

Mishahara ya ofisi ilipoanza kuchelewa na kisha kutokuja kabisa, mama aliiacha mashine ya chapa akawa shofere. Alibeba watu na samaki wadogo wa sambaza na mihogo kati ya Katana na mjini. Kwenye barieri, vizuizi vya barabarani, askari walimwuliza, "Mama, shofere iko wapi?" naye akajibu, "Shofere iko anakuangalia." Mara walicheka, mara walimshusha na kumweka juani. Hakuwahi kubadilisha jibu. Nilimwomba alibadilishe. Alisema ataanza kwa kubadilisha jibu, mwisho atabadilisha kiti.

Miaka ilipita, nami nikawa na watoto wangu. Alasiri moja nilikuwa kwake, tukasikia hodi kwenye lango. Alikuwa baba mkubwa, amekonda, na fimbo. Nyuma yake alisimama binti yake wa kwanza katika nguo nyeusi, na mtoto mgongoni na sanduku la nguo kichwani. Mumewe alikuwa amekufa huko Walungu, na shemeji zake walikuwa wamemfungia nyumba.

Baba mkubwa hakuvuka lango. Alisema akitazama fimbo yake: "Muke wa ndugu yangu. Huyu mutoto banamufanyia vibaya. Weye unajua namna ya kusema na batu kama bale."

Nilimtazama mama. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku hiyo kwa miaka, na yalikuwa makali.

"Batu kama bale," mama alirudia. "Ndiyo, shemegi. Nabajua sana."

Alimpokea yule binti sanduku, akaliweka chini. Akamwuliza kama mtoto amekula. Kisha akamgeukia baba mkubwa, ambaye bado alikuwa nje.

"Weye utakuja naye mahakamani," alisema. "Utasimama mbele ya batu na utasema kwamba balifanya vibaya. Kwa mudomo wako, na kwa nguvu, nisikie. Hiyo ndiyo bei yangu. Hautaki, rudi naye."

Mtoto alianza kulia mgongoni mwa mama yake. Baba mkubwa akasema atakuja. Na alikuja. Nilikuwa humo mahakamani, nimekaa benchi la nyuma, nikamsikia akisema, sauti yake ya mashamba ikijaza chumba kile kidogo, kwamba kumpokonya mjane ni wizi. Mama alikuwa mbele yangu. Hakugeuka kunitazama. Alikuwa amenyoosha shingo, anasikiliza kila neno.